Volkano na Msitu wa Mvua: Safari ya Kutoka Shinyanga Hadi Rungwe

Kila mwaka mtihani ukikaribia huwa naandika ubaoni swali lile lile: "Eleza kwa nini maeneo ya volkano huvutia watu kuishi na kutembelea." Darasa zima hunyoosha mikono. Udongo wenye rutuba. Mandhari nzuri. Chemchemi za maji moto. Nikiuliza kwa nini udongo wa volkano una rutuba, mikono huanza kushuka mmoja mmoja. Mwaka mmoja, msichana aliyekaa dawati la nyuma aliuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Mwalimu, wewe mwenyewe umewahi kuiona volkano?"

Sikuwahi. Nimezaliwa na kukulia Shinyanga, na hadi siku hiyo nilikuwa nafundisha volkano kama wanafunzi wangu walivyokuwa wakiijifunza, yaani kwa kukariri. Likizo ya Juni iliyofuata nilifunga begi nikaenda Rungwe, mkoani Mbeya. Somo hili linafuata safari hiyo. Mtihani wa Jiografia utaujibu kwa Kiingereza, najua. Lakini hoja ambayo huwezi kumweleza bibi yako kwa lugha anayoielewa, usitegemee kwamba utaiweza kwenye chumba cha mtihani.

Anza na unapokaa

Kabla hujaeleza sehemu nyingine, hakikisha unaweza kueleza sehemu yako. Shinyanga iko juu ya uwanda wa juu, takribani mita 1,100 hadi 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mvua kwa mwaka ni kati ya milimita 600 na 900, na karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Mei. Wazee wetu wanaujua udongo kwa majina: luseni ni ule wa kichanga, mbuga ni ule mweusi wa mabondeni unaonasa matairi masika na kupasuka kiangazi. Msitu mnene hatuna. Tuna ngitili, yaani malisho yanayofungwa msimu wa mvua ili yaokoe ng'ombe wakati wa ukame. Ngitili nyingi zilifufuliwa na mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 baada ya miti kukatwa kwa muda mrefu, ikiwemo ile iliyofyekwa ili kuangamiza mbung'o.

Shika picha hiyo. Mtahiniwa wa Shinyanga ana bahati moja ambayo mtahiniwa wa Tukuyu hana: akiuona msitu wa mvua mara moja tu, atakumbuka tofauti zake maisha yote.

Njia

Basi lilinipitisha Tinde, Nzega na Igunga, likavuka mbuga ya Wembere na kupanda mlima Sekenke kuelekea Singida. Nililala Dodoma. Siku ya pili tulipita Mtera, Iringa na Makambako, kisha tukateremka kwenye tambarare ya Usangu. Usangu ni joto na pakavu, mpunga wake unategemea sana maji ya mito inayoteremka kutoka milimani. Usiisahau Usangu, nitairudia.

Pale Uyole, kabla ya kuingia Mbeya mjini, barabara ya Tukuyu na Kyela inachepuka kushoto. Ndani ya saa moja nilivuka kutoka nchi moja hadi nyingine. Vumbi lilikwisha. Pembeni mwa barabara wanawake walikuwa wanauza viazi mviringo na maparachichi, mbele kidogo migomba, halafu mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi siku ya kufungua shule. Na ilikuwa Juni! Nyumbani nilikuwa nimeacha majani ya rangi ya gunia, huku manyunyu yanagonga kioo cha basi.

Kwa nini volkano iko hapa

Bonde la Ufa halipiti Tanzania kwa mstari mmoja. Katika eneo la Rungwe matawi matatu hukutana: moja linatoka Ziwa Rukwa upande wa kaskazini-magharibi, moja linaelekea Ziwa Nyasa upande wa kusini, na la tatu ni lile la Usangu upande wa kaskazini-mashariki. Ganda la dunia linapovutwa pande tatu linapasuka na kuwa jembamba, na mahali palipo pembamba ndipo magma hupata njia ya kupanda. Kwa hiyo ukiulizwa kuhusu mgawanyo wa volkano Tanzania, usitaje majina tu. Sema: ziko kwenye Bonde la Ufa au karibu nalo, kwa sababu hapo ganda limepasuka. Kaskazini utamtaja Ol Doinyo Lengai, ambao ulilipuka mara ya mwisho kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Kusini utataja Rungwe, Ngozi na Kyejo.

Mlima Rungwe una urefu wa karibu mita 2,960. Mlipuko wake mkubwa unaojulikana vizuri ulitokea takribani miaka 4,000 iliyopita, na mawe mepesi yenye matundu kama sifongo yaliyorushwa siku hizo bado yanaonekana barabara inapokata kilima. Kyejo ni wa karibu zaidi: ulitoa lava mnamo mwaka 1800 hivi, yaani enzi za mababu wa mababu zetu. Mlima wa namna hiyo hauitwi volkano mfu. Hapa watahiniwa wengi hukosea, wakidhani kila mlima usiotoa moshi umekufa.

Mvua inatoka wapi

Hili ndilo lililonifanya nione haya kwa miaka niliyofundisha kwa kukariri. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiasi ambacho Shinyanga huhitaji miaka miwili hadi mitatu kukifikia. Sababu iko kwenye umbo la nchi. Ziwa Nyasa liko mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Pepo za kusini-mashariki hupita juu ya maji hayo, hubeba unyevu, kisha hugonga ukuta: Rungwe upande mmoja, milima ya Livingstone upande mwingine. Hewa haina pa kwenda ila juu. Ikipanda inapoa, ikipoa haiwezi kubeba mvuke wote, na mvuke unageuka mawingu na mvua.

Fanya hesabu. Joto hupungua kwa takribani nyuzi 0.6 za Selsiasi kwa kila mita 100 unazopanda. Kutoka ziwani (mita 475) hadi kilele cha Rungwe (mita 2,960) ni mita 2,485. Gawanya kwa 100, zidisha kwa 0.6, unapata karibu nyuzi 15. Kama mchana Kyela ni nyuzi 30, kileleni tarajia nyuzi 15. Ndiyo maana Kyela wanalima kakao na mpunga, Tukuyu migomba na chai, na Isongole viazi, yote ndani ya wilaya mbili zinazopakana.

Sasa rudi Usangu. Hewa ikishamwaga maji upande wa kusini, huvuka milima na kuteremka ikiwa kavu. Ikiteremka inapata joto, na mawingu yanatoweka. Tambarare ile niliyoipita kwenye basi iko kwenye kivuli cha mvua.

Tahadhari moja, kwa sababu nimeona insha nyingi zikianguka hapa: volkano haileti mvua. Mwinuko ndio unaoleta, uwe wa volkano au sivyo. Na Bukoba haina volkano wala mlima mrefu, lakini hupata karibu milimita 2,000, kwa sababu iko magharibi ya Ziwa Victoria na pepo za mashariki humwagia maji hapo. Sisi wa Shinyanga tuko upande mwingine wa ziwa hilo hilo.

Ndani ya msitu

Nilipanda Ngozi nikiongozwa na kijana wa kijijini ambaye aliniita "ticha" tangu dakika ya kwanza, ingawa sikuwa nimemwambia kazi yangu. (Baadaye alisema ni viatu vilivyomwambia.) Kwanza tulipita mashamba ya viazi, halafu msitu ukaanza ghafla. Mwanga ulipungua kana kwamba mtu amefunga dirisha.

Vitabu husema msitu wa mvua una matabaka. Ukiwa ndani hayo matabaka unayahisi shingoni. Juu kabisa miti mirefu inashindania jua. Chini yake kuna miti ya kati, migomba mwitu na madole yenye shina kama mti. Chini kabisa mwanga ni kidogo, majani mapana yameoza, ardhi inabonyea. Kila shina limevaa kuvu na mimea midogo inayoishi juu ya mengine bila kuinyonya. Kumbuka kuandika kwamba huu ni msitu wa mvua wa milimani. Si sawa na ule wa Kongo: hapa ni baridi, miti ni mifupi zaidi, na mianzi huanza kadiri unavyopanda.

Kwenye ukingo, kijana alinishika mkono wa shati kunizuia. Mbele hapakuwa na kitu. Chini sana, kati ya kuta zenye miti, lilikuwa limelala ziwa la kijani lenye urefu wa karibu kilomita mbili na nusu. Hiyo ndiyo kaldera. Kreta, au kasoko, ni mdomo ambao volkano hutapikia. Kaldera hutokea volkano ikishatapika kiasi kwamba chumba cha magma chini yake kinabaki wazi, na kilele kinadidimia ndani. Mchimbaji mdogo wa Geita au Kahama anaielewa hii bila kwenda shule: ukitoa mawe mengi chini ya duara bila kuweka magogo ya kushikilia, juu panatitia. Ngorongoro ni kaldera pia, kubwa zaidi, upana wake karibu kilomita 20. Tofauti ni kwamba ya Ngozi imejaa maji.

Katika msitu wa Rungwe na Livingstone anaishi kipunji, nyani mdogo ambaye wanasayansi walimtangaza kwa dunia mwaka 2005, na mwaka 2006 wakampa jenasi yake peke yake, iliyobeba jina la mlima: Rungwecebus. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamjua na kumwita kipunji muda wote huo. Watafiti walimsikia kwanza midomoni mwa wanakijiji, ndipo wakaenda kumtafuta. Ukiulizwa umuhimu wa misitu ya asili, huo ni mfano bora kuliko "makazi ya wanyama pori" peke yake.

Udongo je? Majivu na lava changa zina madini ambayo mimea huyahitaji, kama potasiamu na kalsiamu, na mawe hayo yakimomonyoka huyaachia kidogo kidogo. Lakini mvua nyingi pia huyaosha na kuyapeleka mtoni. Rutuba ya Rungwe inadumu kwa sababu mawe yake bado ni machanga na msitu unarudisha majani ardhini. Ukiufyeka kwenye mteremko ule, misimu michache inatosha kuona tofauti.

Kitanda cha kulala

Hoteli kubwa sikuwa na uwezo nazo. Nililala kwa mama mmoja mwenye vyumba vitatu vya matofali ya kuchoma nyuma ya nyumba yake, blanketi mbili kila kitanda na ndoo ya maji moto asubuhi. Alinisalimu "Ugonile?" nikajibu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Alicheka hadi akakaa chini. Kuanzia hapo nilikuwa mwanawe.

Usiku nikafanya jambo ambalo mwalimu wa Jiografia hawezi kulizuia: nilimwomba tuhesabu pesa niliyomlipa inakwenda wapi. Viazi, shambani kwake. Maziwa, ng'ombe wake. Ndizi, jirani. Kijana wa kuniongoza, mtoto wa dada yake. Bodaboda, wa pale pale. Vilivyotoka mbali vilikuwa sabuni, sukari, majani yaliyokwisha kufungwa kiwandani (japo chai yenyewe inalimwa mbele ya dirisha) na betri za tochi. Sehemu kubwa ya fedha yangu ililala kijijini.

Linganisha na loji kubwa ambayo mwenyewe yuko nchi nyingine, mgeni amelipa huko huko kabla hajapanda ndege, na nyama na mvinyo vimeagizwa kutoka nje. Fedha nyingi haifiki kijijini kabisa. Haya ndiyo mapato yanayovuja, na ni hoja yenye uzito katika swali la matatizo ya utalii. Lakini andika kwa haki. Loji kubwa hutoa ajira yenye mkataba na hulipa kodi. Yule mama aliniambia Machi hadi Mei, njia ikiwa tope, anaweza kumaliza wiki nyingi bila mgeni, na mtoto wa dada yake anarudi kubeba viazi.

Kuna njia ya tatu. Rwanda, katika Hifadhi ya Taifa ya Volkano, mgeni mmoja hulipa dola 1,500 kuwaona sokwe wa milimani tangu mwaka 2017, na asilimia 10 ya mapato ya hifadhi hupelekwa kwa jamii zinazozunguka. Na kwa barabara, kutoka Kahama, Kigali ni karibu kuliko Mbeya. Malori ya Rusumo yanalijua hilo, sisi hatulifikirii.

Hatari

Sikuona hatari yoyote Rungwe zaidi ya kuteleza, lakini mtahiniwa lazima aandike upande huu. Mfano hai ni Goma, mashariki mwa Kongo. Mlima Nyiragongo ulimwaga lava iliyopita katikati ya mji mwaka 2002, na mwaka 2021 ulilipuka tena. Lava ile ni nyepesi, hutiririka haraka. Huko pia kuna gesi ya kabonidayoksaidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Haionekani na hainuki, huua mbuzi na hata watu. Wenyeji huiita mazuku, na wanasayansi wa dunia nzima sasa hutumia neno hilo hilo. Gesi hiyo hiyo ipo Rungwe, ila pale huvunwa kibiashara karibu na Kyejo na kutiwa kwenye soda. Na joto lililo chini ya Ngozi linafanyiwa kazi na Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania ili lizalishe umeme.

Kumbe tulikuwa nayo

Niliporudi nilimtafuta yule msichana wa dawati la nyuma nikampa jiwe jepesi lenye matundu. Akaligeuza, akauliza: "Na Mwadui je, Mwalimu? Lile shimo lilitokana na nini?"

Nilikwenda kusoma. Almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa na mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, mwaka 1940, imo ndani ya bomba la mwamba uitwao kimbalaiti. Bomba hilo ni koo la volkano. Mamilioni ya miaka iliyopita magma ilipanda kwa kasi kutoka kina cha zaidi ya kilomita 150, ikaibeba almasi kama mto unavyobeba changarawe, ikalipuka. Mlima wenyewe, kama ulikuwepo, umeshalika. Kimebaki koo chenye eneo la hekta 146, moja ya makubwa zaidi yanayochimbwa duniani. Na jirani zetu wa Tabora wana vilima vya Igwisi, volkano ndogo za mwamba wa jamii hiyo hiyo, ambazo watafiti wanakadiria zililipuka miaka 12,000 tu iliyopita.

Geita nayo? Miamba yake mingi ni lava na majivu ya volkano za zamani mno, zaidi ya miaka bilioni 2.5. Dhahabu iliingia baadaye, ikiletwa na maji ya moto yaliyopenya kwenye nyufa na kuacha mishipa ya mawe meupe ambayo kila mchimbaji anaifuata.

Muhula uliofuata tulikodi basi dogo hadi Maganzo. Kutoka barabarani tulitazama vilima vya mabaki ya mgodi, kijivu, bila mti hata mmoja, jua la saa saba likituchoma. Nikawaomba wachore mchoro mmoja: Rungwe upande wa kushoto, Mwadui kulia, na mstari wa nukta kuonyesha mlima uliokwisha kulika. Wengi walimaliza kabla basi halijageuza.

Maswali ya kujipima

1. Kwa kutumia mchoro, eleza kwa nini Tukuyu hupata mvua nyingi kuliko tambarare ya Usangu.
2. Kituo A kiko mita 1,150 na kina nyuzi 28 za Selsiasi. Kadiria joto la kituo B kilicho mita 2,150.
3. Tofautisha kreta na kaldera, ukitoa mfano mmoja wa kaldera kutoka kusini na mmoja kutoka kaskazini mwa Tanzania.
4. "Nyumba ndogo ya wageni kijijini ina faida kuliko loji kubwa." Jadili pande zote mbili.
5. Mwanafunzi mwenzako anasema mkoa wa Shinyanga hauhusiani na volkano. Mjibu kwa aya moja.